Jani la Muhogo Jukwaani: Nilivyosimulia Safari Yangu na Akili Mnemba

Nilipoombwa nizungumze na vijana wa sekondari na vyuo hapa Tanga kuhusu safari yangu na akili mnemba, ushauri ulianza kumiminika hata kabla sijakubali. Walionishauri hawakupanga pamoja, lakini wote walisema jambo moja. Anza na shida. Wasimulie ulivyokwenda shule pekupeku, wasimulie kibatari na maji ya kisima. Katikati watoe machozi, mwishoni waoneshe ulipofika, watasimama wenyewe wapige makofi. Mwenzangu mmoja wa kazini alinieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba watu wakishatoka ukumbini husahau hoja, wakabaki na kile kilichowaliza.

Niliyapima maneno hayo kwa heshima, maana yana ukweli ndani yake. Nimeshakaa kwenye kumbi za namna hiyo nikaona mzungumzaji hodari akiinua watu vitini kwa kisa kimoja tu. Nimeona pia kinachofuata. Vijana wanatoka nyuso zimewaka, wanapiga picha na mgeni, wanapanda daladala kurudi makwao, na ukimuuliza mmoja wao kesho asubuhi ataanza na lipi, hana la kukujibu. Mimi ni afisa ugani. Wakulima wa kata ninayofanyia kazi wananiita bibi shamba, na mkulima akinisimamisha njiani hataki nimtie moyo, anataka nimwambie shina lipi ang'oe na lipi aliache. Sikuona kwa nini mtoto wa sekondari apewe kilicho pungufu ya hapo.

Kwa hiyo nilikubali mwaliko, hadithi ya umaskini nikaiweka kando, nikapanda jukwaani na jani la muhogo.

Nilichotaka kukisema kilikuwa kimoja tu. Mashine hizi tunazozistaajabia zilifundishwa na watu waliojua kutazama. Macho ya watu ndiyo yaliyotangulia, na kijana aliyekulia kwenye mashamba ya Tanga anayo macho ya namna hiyo tayari, ingawa hajawahi kuambiwa na mtu kwamba yana thamani nje ya shamba la kwao. Kila nilichokusudia kusema nilikipitisha kwenye kichujio hicho. Kisichosaidia hoja hiyo nilikitoa, hata kama kilikuwa kitamu.

Bibi yangu mzaa mama alilima muhogo Muheza, upande wa chini kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea milimani. Ugali wetu ulikuwa bada, ule wa unga wa muhogo, mboga yetu mara nyingi kisamvu, kwa hiyo majani ya muhogo yalipita mikononi mwake kila siku, akichuma ya kupika na papo hapo akiyakagua. Nilikuwa nikimfuata nyuma na ungo. Aligeuza jani juu chini, akalinyoosha kwenye mwanga, akaacha shina hilo akaenda la pili na la tatu, kisha akarudi kwenye lile la kwanza. Jani lililojikunja, limepoteza umbo, lina mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyikana, alilijua mara moja: shina lile hakulikatia mbegu msimu uliofuata. Hakuwa na habari ya virusi. Alijua tu kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya pingili, na kwamba ukipanda pingili ya shina lililougua umejipandia njaa.

Hiyo ilikuwa batobato, na kwa batobato Bibi alikuwa hodari. Michirizi ya kahawia ndiyo iliyomshinda, kama inavyowashinda wengi mpaka leo. Ugonjwa ule una hila. Shamba linaweza kuonekana limestawi, majani yamefunga, na dalili iliyopo ni manjano hafifu kando ya mishipa ya majani ya chini, yale yaliyokomaa, ambayo mtu huyaona akadhani yamezeeka tu. Siku ya kuvuna unang'oa muhogo mnene, unaukata, na ndani una madoa makavu ya kahawia, mgumu kama gome. Haupikiki. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa ardhini kikiharibika huku juu pamependeza. Nimewahi kumwona Bibi akikata muhogo mmoja baada ya mwingine namna hiyo na kuurundika pembeni, na ndipo nilipotaka kujua kwa nini. Nilipofika Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, swali nililokwenda nalo lilikuwa hilo.

Sehemu hii ya hotuba niliizungumza taratibu kuliko zote. Sikuitaja ili wanihurumie. Nilitaka waone kitendo chenyewe, mkono unaogeuza jani na jicho linalolinganisha shina kwa shina, kwa sababu nilikuwa nikienda kuwaonyesha kitendo hichohicho kikifanywa na mashine.

Kabla ya hapo niliwapandisha Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa Tanga, na wengi wao wamewahi kupelekwa Amani kwenye ziara ya shule, wakaona vipepeo na miti mikubwa, wakarudi. Niliwauliza nani anajua kwamba maandishi ya kwanza ya kisayansi kuhusu batobato ya muhogo duniani yanahusu nchi hii. Hakunyoosha mkono mtu. Ilikuwa mwaka 1894, wakati wa Wajerumani, mtaalamu wa mimea aitwaye Warburg alipoueleza ugonjwa huo. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa mwaka 1902. Mwaka 1936 mtaalamu mwingine, Storey, aliyekuwa akifanya kazi hapohapo Amani, akaeleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Yeye na wenzake wakaanza kuuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira uliotoka Brazili, wakitafuta chotara zitakazostahimili magonjwa. Baadhi ya uzao wa kazi hiyo ya Amani ulipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na damu yake imo kwenye aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika hadi sasa.

Niliona vijana wakigeukiana. Nadhani hapo ndipo hotuba ilipoacha kuwa yangu ikawa yao. Mtoto anayesoma Muheza anakua akiamini sayansi ni kitu kinachoteremka bandarini kikiwa tayari ndani ya boksi, na hapa anaambiwa kwamba ugonjwa uliomla muhogo wa bibi yake ulichunguzwa kwenye mlima anaouona akifungua dirisha. Niliwaambia pia upande wa pili, kwa sababu haki inataka. Majina ya wataalamu wale yamebaki kwenye maandiko. Mashamba waliyoyachunguza yalikuwa na wenyewe, watu waliolima, waliokwishaona mabaka na kuyapa majina yao kabla mgeni hajafika na daftari.

Sasa kuhusu mashine. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi nyumbani mbele ya mama mdogo, ambaye ameuza samaki soko la Deep Sea muda mrefu na hana subira na maneno yasiyoeleweka. Nilimwomba anikatishe kila asipoelewa, naye alinikatisha bila kunionea haya. Nilipoanza kueleza jinsi mashine inavyojifunza, kwa istilahi za darasani, aliinua mkono: "Mwanangu, hapo umeniacha." Basi nikatafuta mlango kwa upande wake. Nilimuuliza aliwafundishaje watoto wake kuchagua samaki mbichi. Akasema hakuwafundisha kwa kanuni. Aliwaonyesha huyu mbichi, huyu wa jana, huyu wa juzi, siku baada ya siku, mpaka jicho likashika lenyewe. Nikamwambia ndivyo programu inavyofundishwa, ila inahitaji kuonyeshwa mifano maelfu, na kila mfano lazima mtu anayejua aseme huyu ni yupi. Alinitazama akasema, "Kumbe kazi yote ni ya huyo anayesema." Sentensi hiyo nilimwomba ruhusa nikaipeleka ukumbini kama alivyoisema.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani walipotaka mashine itambue magonjwa ya muhogo, watu waliingia kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo na kamera ya kawaida ya mkononi. Kwa wiki nne walipiga picha za majani: ya batobato, ya michirizi, yaliyoshambuliwa na utitiri wekundu na wa kijani, yenye madoa ya kahawia, na mazima. Baada ya kuchujwa zilibaki picha 2,756, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Kila picha ilipewa jina na mtu anayejua. Hata programu waliyoanzia nayo ilikuwa imekwisha kufunzwa kabla kwa hazina kubwa ya picha iitwayo ImageNet, iliyotolewa mwaka 2009 na kundi la mtafiti wa kompyuta Fei-Fei Li, na hazina hiyo nayo ilipangwa na watu karibu 50,000 kutoka nchi 167, wakikaa mbele ya kompyuta na kusema hii ni paka, hii ni meli, hii ni kikombe.

Ndiyo asili ya Nuru, programu ya simu ambayo nimeitumia na wakulima wangu. Unaielekeza kamera kwenye jani nayo inakuambia inachokiona, na haihitaji intaneti ukiwa shambani, jambo ambalo kwa vijiji ninavyovizungukia ndilo linaloamua kama kitu kinafaa au hakifai.

Kulikuwa na slaidi moja ambayo karibu kila aliyeiona kabla ya siku ile alinishauri niiondoe. Ilikuwa na matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha uwezo wa kutambua dalili za magonjwa ya virusi kwenye majani ya muhogo. Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31.

Mimi ni afisa ugani, na safu ya mbele walikaa maafisa ugani wenzangu na viongozi wetu wa halmashauri. Waliokuwa wakinishauri waliniuliza kwa nini niwaaibishe watu mbele ya wanafunzi. Niliwajibu kwamba hakuna aibu kwenye namba ile, na kama nitasimama kuwaambia vijana habari za akili mnemba huku nikificha mahali iliponishinda mimi mwenyewe, basi sina safari ya kuwasimulia. Wanaosimulia safari zao mara nyingi hupanga mambo ili wao wabaki juu mpaka mwisho. Kwangu mimi, kijana anastahili kuona mtu mzima akisoma hadharani namba iliyo chini ya ile ya mashine, akaieleza, na akaendelea kuipenda kazi yake.

Basi nikaisoma. Nikaeleza kwamba majaribio yalihusu majani, na kwa michirizi ya kahawia jani ndilo shahidi asiyeeleweka kuliko wote. Anayejua hukagua shina na kupasua muhogo pia. Nikaeleza kwamba afisa mmoja anabeba mazao mengi, mahindi, minazi, michungwa, mpunga, mifugo kwa baadhi yetu, ilhali programu ile ilifunzwa mambo machache tu. Hayo si visingizio. Yanaonyesha kazi gani mtu aikabidhi mashine na ipi abaki nayo.

Kisha nikawaonyesha mstari uliobaki wa utafiti uleule. Nuru ilipopewa majani sita ya shina moja badala ya jani moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Nikawauliza, nani amewahi kumwona mtu asiyehukumu shina kwa jani moja? Wale waliokuwa wamesikiliza habari ya Bibi na ungo walijibu kwa pamoja kabla sijamaliza. Nimezungumza mbele ya watu mara nyingi, kwenye mikutano ya vijiji na semina, na sijawahi kupata jibu kama lile. Hakuna aliyelia, lakini walikuwa wameelewa, na kuelewa kwao kulisikika hadi nje.

Kwa ufupi niliwapa pia upande unaouma. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kosa la juu kabisa halikufika asilimia moja, lilikuwa 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Buolamwini amesimulia jukwaani jinsi kamera ya maabara ilivyokataa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Wasichana ukumbini waligutuka, na walikuwa na haki ya kugutuka. Mashine ilikuwa imeonyeshwa nyuso za watu wengine kwa wingi, zao kwa uhaba. Ndiyo maana nasema anayeshika kamera na anayetoa jina la picha wana uzito mkubwa kuliko tunavyowapa, na kama hatutakuwamo miongoni mwao, tutaonwa vibaya au tusionwe kabisa. Hilo nalisema kwa uchungu na ninaliamini.

Baada ya hapo nilinyamaza nikaomba maswali, na kama ningepewa kuchagua upya ningepunguza hotuba niongeze muda huo.

Kijana wa chuo alitangulia. "Shikamoo, madam. Kama hiyo programu inakupita, si itakunyang'anya kazi?" Nilimrudisha shambani. Programu imekuambia ni batobato. Halafu? Nani atamwambia mama yule ang'oe mashina aliyoyapalilia kwa mkono wake, ayatoe shambani? Atapata wapi pingili safi za aina za muhogo kama Kiroba, Mkumba au Chereko, na kwa bei gani? Na hata akiyang'oa yote, inzi weupe wanaosambaza virusi hawajui mpaka wa shamba. Jirani asipong'oa, msimu ujao ugonjwa umerudi. Kwa hiyo lazima uitishwe mkutano wa kitongoji, wazee waheshimiwe, mwenye shamba kubwa abembelezwe, mjane mwenye shamba dogo ahakikishiwe chakula cha mpito. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimefurahi kwamba sehemu ya kutazama jani imepata msaidizi, maana sasa ninayo nafasi ya kukaa kwenye mikutano hiyo mpaka mwisho badala ya kukimbilia kijiji kingine.

Nadhani hakuridhika kabisa. Alisema kuna kazi ambazo hazina mkutano wa kitongoji, kazi za kukaa ofisini na kunakili, nazo zitakwenda. Nilikubaliana naye. Zitakwenda nyingine, na sikutaka kumpa faraja nisiyokuwa nayo.

Msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza swali lililonikaa moyoni zaidi. Wale watu wanaosema huyu ni yupi, wanalipwa? Nilimjibu kwamba wengine ni watafiti wenye mishahara, wengine wanajitolea, kama maelfu ya watu waliosoma sentensi za Kiswahili kwa sauti zao kwenye mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ili kompyuta zijifunze kutusikia. Na wengine wanalipwa kidogo mno. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walikuwa wakisoma na kupanga maandishi ya kutisha, ya ukatili na udhalilishaji, ili kuifunza mashine iyakwepe, kwa malipo yasiyofika dola mbili kwa saa. Vijana hao walikuwa na elimu, wanazungumza lugha yetu, wako safari ya basi moja kutoka hapa. Nilimwambia msichana yule kwamba swali lake ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya mtu kupokea kazi ya namna hiyo: nalipwa nini, ninatazama nini, na nikishindwa kulala usiku nani ananihudumia. Alikuwa anaandika. Niliongea polepole ili asipitwe.

Mama mmoja, mkulima aliyemsindikiza mwanawe, alitaka kujua simu inayoweza kuendesha programu hiyo inauzwaje, na nilipomweleza kwamba simu moja ya kikundi inatosha mashamba mengi, akauliza nani atakuwa anaitunza. Wanaume waliokuwa nyuma yake walianza kubishana papo hapo kuhusu uenyekiti wa kikundi ambacho bado hakijaundwa. Nilifurahi sana. Mtu anayegombea utunzaji wa kitu ameshaamua kwamba kitu hicho kinamhusu.

Lakini lililonifanya niandike makala hii lilitokea wakati mshehereshaji ameshashukuru na watu wanatafuta mlango. Walinifuata wanafunzi wachache wa sekondari moja ya Muheza. Waliamkia, kisha aliyekuwa msemaji wao akauliza, "Madam, michungwa je?"

Muheza ni machungwa. Msimu ukifika, barabara kuu inageuka soko, na kwa familia nyingi ada za shule zinatoka kwenye mti huo. Nuru niliyowaonyesha ilikuwa ya muhogo. Nilimwambia ukweli: programu inajua kile ilichofunzwa, na majani ya michungwa ya kwao hayamo. Akauliza nani atayapiga picha. Nikamrudishia swali kwa kumtazama tu, na wenzake wakaanza kutaja mashamba, kwa babu wa huyu, kwa mjomba wa yule, upande wa huku wenye majani yanayojikunja na upande wa kule wenye manjano yasiyo ya kawaida. Walikuwa wakifanya alichofanya Bibi, kulinganisha mti kwa mti, bila kuelekezwa na mtu.

Tumekutana tangu hapo, pamoja na mwalimu wao wa kilimo. Niliwaeleza kwamba picha peke yake haina kazi. Inatakiwa jani lipigwe juu na chini, kwenye mwanga wa asubuhi usio mkali, mti utiwe alama ili urudiwe, na tarehe iandikwe. Kabla jina la ugonjwa halijaandikwa, mtaalamu wa magonjwa ya mimea lazima aone mti wenyewe, na pale jani linaposhindwa kusema, sampuli iende maabara. Wakiandika kwa kubahatisha, mashine itajifunza kubahatisha. Watakusanya michungwa iliyo mizima kwa bidii ileile, kwa kuwa programu isiyojua jani zima itauona ugonjwa kila mahali. Na hawatakwenda mbio. Kusanyo dogo lililothibitishwa lina faida kuliko rundo la picha ambazo hakuna anayejua zimetoka mti gani.

Bado hatujaelewana kuhusu daftari. Mwalimu na mimi tulipendekeza safu chache: namba ya mti, kijiji, tarehe, dalili, jina la aliyepiga picha. Wanafunzi wameongeza safu ya jina la mwenye shamba na ya jina la mtu wa kwanza kuiona dalili hiyo, awe babu, awe mtoto aliyepanda mti kuchuma. Mwalimu anaona safu zimekuwa nyingi na zitawachosha. Mimi niliwakumbusha kwamba jina la mtu haliandikwi bila ridhaa yake, na kwamba kuna mwenye shamba ambaye hatapenda majirani wajue mti wake unaumwa. Wameandaa karatasi ya ridhaa wenyewe, kwa Kiswahili chepesi, yenye nafasi ya dole gumba kwa asiyejua kuandika na nafasi ya kukataa kutajwa. Ile safu wamegoma kuiondoa. Jumamosi wanaanza kwa babu wa msemaji wao, na daftari ni lao.